Nilisema Hakuna

Gurudumu la kwanza nililoliharibu baada ya kupasuliwa jicho lilikuwa la muuza maziwa. Nililifunga kwenye uma, nikalizungusha, nikaanza kukaza spoki hii na kulegeza ile kama nilivyofanya miaka thelathini na nane. Ringi ilikuwa inayumba kidogo. Nikakaza. Ikazidi kuyumba. Nikalegeza huku, nikakaza kule, mpaka ikatulia, ikanyooka kama uzi wa mwashi. Nikaifuta vumbi, nikamkabidhi mwenyewe, akapanda akaenda zake.

Hakufika mbali. Alirudi akiikokota baiskeli, maziwa yamemmwagikia suruali, gurudumu linakwenda kushoto kulia kama mlevi anayetafuta mlango.

Fundi mwenzangu, ambaye tunamwita Pancha kwa sababu ndiyo kazi aliyoanzia pale karakana, aliligeuza mara moja tu. "Mzee," akasema, "hili umelinyoosha au umelisuka?"

Waliokuwepo wakacheka. Na mimi nikacheka.

"Limenyooka hilo," nikasema. "Litazame vizuri."

"Nalitazama, mzee."

Akalizungusha tena. Mimi nikaliona limetulia tuli. Yeye akashika msumari karibu na ringi, na msumari ukalia tik, halafu kimya, halafu tik. Sikio langu halijapasuliwa na mtu. Nikausikia ule msumari, nikaelewa. Ringi ya muuza maziwa ilikuwa imenyooka tangu ilipoletwa. Mimi nimeipinda mpaka ikafanana na jicho langu.

Pancha hakucheka tena. Akaivua, akaanza upya, na tajiri wa karakana, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akamtazama yeye, halafu akanitazama mimi. Kesho yake nikakuta benchi la ringi limehamishiwa upande wa Pancha, na kwenye kiti changu kuna beseni la maji na gundi ya kuzibia mipira. Mtu aliyenyoosha magurudumu ya nusu ya mji huu, sasa natumbukiza mpira kwenye beseni natafuta mapovu. Nayo siyaoni. Nayatafuta kwa kiganja.

Jicho lililoharibika ni la kulia. Kila kitu kilichonyooka linakikunja: mlango, ukingo wa meza, mstari wa barabara. Taa moja linaifanya tatu, na zote zina manyoya. La kushoto bado halijaguswa, lakini nalo lina mtoto wa jicho, na anakua. Watoto wangu wawili wa kuzaa wamehamia miji ya mbali, wanapiga simu sikukuu. Huyu wa jicho ndiye aliyekubali kubaki na baba yake nyumbani.

Kwa hiyo nina jicho moja linalodanganya na moja linalofunga mlango taratibu. Hilo la kushoto ndilo jambo lenyewe. Likiharibika kama mwenzake, mimi basi.

Wa kulaumiwa ninawajua, na siwaachi. Siku ya kupasuliwa tulipangwa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa kambi ya macho pale hospitali, bure, imetangazwa kwa kipaza sauti wiki nzima. Tuliambiwa tusile chochote. Tukakaa na njaa yetu, tunadhani tunamngoja daktari. Kumbe tunamngoja mheshimiwa aje akate utepe. Saa nne hajafika. Saa sita hajafika. Alikuja saa saba kasoro, akahutubia nusu saa juu ya faida za kuona, mbele ya watu arobaini wasiomwona, akapigwa picha amemshika mkono kikongwe mmoja, akaondoka na kundi lake. Ndipo daktari akaambiwa haya anza, na macho yote arobaini yaishe leo leo.

Sikwenda peke yangu. Nilimpeleka mama mkwe wangu, mzazi wa marehemu mke wangu. Yeye naye alikuwa haoni, tena kuliko mimi. Anakaa chumba kimoja mtaa wa pili kutoka kwangu. Tangu binti yake afariki, miaka miwili sasa, mimi ndiye ninayempelekea maji na mkaa, yeye ndiye anayeniwekea chakula kwenye bakuli lenye kifuniko na kuliacha mlangoni. Hatukai meza moja. Nikimwamkia natazama chini. Ndivyo nilivyofundishwa kumheshimu mkwe, na miaka yote sijawahi kumtolea neno ambalo nisingeweza kulisema mbele ya umati.

Mke wangu aliondoka kwa homa ya siku nne. Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja, na muuguzi alikuwa semina. Semina ya nini, niliuliza. Ya huduma bora, wakaniambia. Basi.

Meza ya karani siku ile ya macho ilikuwa pale pale koridoni, hatua mbili kutoka benchi letu. Hakuna mlango, hakuna pazia. Jenereta lilikuwa linanguruma nje ya dirisha, kwa hiyo karani, binti mmoja mwenye sauti ya mnadani, aliuliza kila kitu kwa kelele, na akataka kujibiwa kwa kelele.

Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia ya sufu.

"Dawa unazotumia kila siku?" karani akamuuliza.

"Za presha. Na zile... za haja ndogo."

"Sema kwa nguvu, babu, sikusikii."

"Za mkojo."

"Kumbe bomba linavuja," akasema mtu wa mwisho wa benchi, na benchi zima likacheka, wanawake kwa wanaume. Mzee wa kofia naye akacheka. Yeye hakuwa na mkwe pale. Mimi wangu alikuwa ameketi ubavuni, bega lake linagusa kiwiko changu, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo.

Mimi nameza vidonge hivyo hivyo. Mwaka wa nne huu. Ni tezi dume, jambo la wanaume wa umri wangu, lakini jambo ni moja na kulisema ni jingine. Mke wangu ndiye aliyekuwa anaujua mzigo huo. Alikuwa akienda duka la dawa la mbali, siyo la mtaani kwetu, anavirudisha vimefungwa kwenye upindo wa khanga yake, halafu anavitia kwenye kimfuko cha kitambaa cha maua chenye kamba, anakitundika nyuma ya mlango chini ya koti langu. Tangu aondoke navifuata mwenyewe, jioni. Hakuna aliyejua. Hata Pancha, anayejua mpaka nalipa kodi tarehe ngapi, hajui. Na kama mke wangu angekuwa hai siku ile, angeinuka pale benchini, angeinama kwenye sikio la yule binti, angemnong'oneza maneno mawili, na mimi leo ningekuwa naona msumari wangu.

"Wewe mzee. Dawa unazotumia?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Akaandika. Nilisikia kalamu.

Mama mkwe alitangulia kuingia. Walimmaliza haraka, hata kiti chake hakijapoa. Mimi nililala juu ya ile meza muda mrefu mpaka mgongo ukafa ganzi. Ukiwa umechomwa sindano ya jicho husikii maumivu, lakini masikio yako yapo kazini. Nilimsikia daktari akisema, "Ngoja, inasinyaa." Halafu, "Nipe nyingine." Halafu akanyamaza kabisa, na mtu aliyekuwa anaongea na wenzake tangu nilipoingia akinyamaza kabisa, unajua. Jasho lake lilinidondokea shavuni. Mwishoni akaniambia, "Mzee, lako limekuwa gumu. Tuombe Mungu." Nikajua hapo hapo kwamba yeye tayari ameshaanza kuomba.

Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, mimi na mkwe wangu, kila mmoja na bandeji yake. Watu wawili, macho mawili wazi, na yote mawili mabovu. Siku nyingine yoyote nisingemshika mkono.

Walipotufungua, yeye akaanza kucheka. Aliona utando wa buibui kwenye pembe ya dari ya hospitali. Aliona vifungo vya muuguzi. Akageuka akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alinitazama usoni kweli.

"Mkwe wangu," akasema, "kumbe umezeeka."

"Nimezeeka, Mama."

Akacheka tena, halafu kicheko kikakatika katikati. Nadhani alikuwa anamwona mtu ambaye binti yake alimwacha.

Mimi niliona wauguzi wawili, mmoja amesimama juu ya bega la mwenzake, na dirisha limelegea kama nguo kwenye kamba.

Walisema litatulia. Wiki mbili, walisema. Halafu mwezi. Halafu wakanipa matone, halafu matone mengine. Mimi nikajifunza mambo yangu mwenyewe wakati nawangoja. Nikimimina chai naweka kidole ndani ya kikombe, maji yakinichoma naacha. Ngazi za karakana ni tatu, nazihesabu, kwa sababu jicho linaniambia ni nne na mara ya kwanza nililisikiliza, nikaanguka na kuvunja jino. Barabarani nafumba la kulia natembea na la kushoto, ndani ya ukungu, kwa sababu ukungu angalau haudanganyi. Usoni mwa mtu nimeacha kutazama. Watu wanadhani nina kiburi.

Karakanani yakifika mapumziko, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nilikuwa nachukua ringi mbovu kwenye rundo na kuifunga kwenye uma, nafumba macho yote, nashika msumari. Nasikiliza. Tik, mahali gani, spoki ya ngapi kutoka kwenye vali. Kwa sikio niliweza kuirudisha ringi ikatembea. Ringi ya mkokoteni, ndiyo. Ringi ya mtu anayekwenda kasi mteremkoni, hapana. Kwa hiyo kuna unywele mmoja ambao sikio haliusikii, na unywele huo ndio uliokuwa mshahara wangu. Pancha alinikuta siku moja nimefumba macho hivyo. Nilidhani atanitania. Alikaa chini, akaniwekea ringi nyingine miguuni, akaenda kunawa.

Yeye ndiye aliyeniandikia barua ya malalamiko, kwa sababu mimi niliishia darasa la nne. Nilimtamkia, akaandika. Nilitaja utepe. Nilitaja njaa na ile nusu saa ya hotuba. Nikasema daktari aliharakishwa kama mtu anayechinja kuku wa harusi, na jicho langu ndilo lililolipa haraka ya wakubwa. Nikaenda nayo ofisini kwa mganga mkuu mara tatu. Mara ya kwanza yupo kikaoni. Mara ya pili yupo kikaoni. Mara ya tatu nikamwambia katibu wake, "Mwanangu, hicho kikao wanakalia nini, mayai?" Akaipokea.

Baada ya wiki tano daktari wa macho aliniita. Nilitaka kwenda peke yangu, lakini mama mkwe alikuja mlangoni asubuhi, amevaa viatu. "Barabara ile ina mashimo mapya," akasema. Sasa yeye ndiye aliyekuwa ananiongoza mimi.

Barua yangu ilikuwa mezani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Daktari akanivunja nguvu kwa sentensi moja.

"Mzee, nimeisoma barua yako. Utepe ni kweli. Haraka ni kweli. Hilo sikukatalii, na nitalisema mahali linapotakiwa kusemwa."

Mtu akikukubalia unachogombania, mikono inabaki hewani.

"La kulia limefika lilipofika," akasema. "Sitakudanganya. Linaweza kupungua kusumbua, lakini kunyooka, halinyooki tena. Tuzungumze la kushoto." Akafungua faili. "Kuna jambo moja sikulielewa siku ile. Mboni yako ilikuwa legelege. Nikiigusa inapepea, kama pazia dirishani. Mara nyingi naona hivyo kwa wanaume wanaotumia vidonge vya mkojo. Vile vidonge vinalegeza hata kule jichoni. Fomu yako inasema hutumii dawa yoyote."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha pili, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

"Situmii," nikasema.

"Nauliza kwa sababu nikijua mapema nina namna ya kujiandaa. Kuna dawa natia kwanza, kuna kifaa kidogo cha kuishikilia ile mboni. Nisipojua, la kushoto litakwenda njia ya mwenzake."

"Situmii, daktari."

Alikaa akinitazama. Miguu ya mama mkwe ilisogea sakafuni, nikasikia soli za viatu vyake. Daktari akasema nirudi kuandikishwa mwezi ujao, akafunga faili.

Nje ya lango la hospitali kuna ukuta mfupi, watu wanaukalia wakisubiri wagonjwa wao. Mama mkwe alisema amechoka. Hakuwa amechoka. Tukakaa, nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Alitazama barabarani, mimi nikatazama viatu vyangu, vilivyokuwa vinne.

"Kile kimfuko," akasema.

Nikavirudisha viatu nyuma mpaka ukutani.

"Cha maua. Kilitokana na pazia langu la zamani. Kamba niliitia mimi. Alikuja akasema, mama nishonee kitu kidogo cha kuwekea dawa za mwenzangu, nisije nikazipoteza. Nikamuuliza dawa za nini, akaniambia. Binti humwambia mama yake."

Miaka minne nilidhani kile kimfuko alikishona mke wangu. Kila nikikishika nilikuwa nadhani nashika kazi ya mikono yake.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Siku ile pale benchini. Ulinisikia nikisema hakuna."

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Wewe ulinyamaza, baba. Mimi ningesema nini? Nikuvue nguo mbele ya benchi zima, mkwe wangu mwenyewe? Nilisema moyoni, kidonge cha kule chini na jicho vina undugu gani. Nikajikalia." Akakunjua khanga yake, akaikunja tena. "Sasa nikitunga uzi kwenye sindano, naona tundu. Miaka saba sikuliona. Nikiliona najisikia kama nimekuibia."

Nilitaka kumwambia halikuwa kosa lake. Kilichokuja ni hasira, na sikuwa na pa kuipeleka, kwa sababu yeye ni mama yake na mke wangu na nywele zake ni nyeupe zote. Niliinuka. Nikamwambia twende. Tulitembea mpaka mtaani kwake bila neno, na pale kwenye mashimo mapya alinishika kiwiko, nikamwachia kiwiko lakini siyo zaidi.

Wiki mbili sikupita kwake. Maji nilimtuma Pancha ampelekee. Bakuli lenye kifuniko liliendelea kuja mlangoni kwangu kila jioni, nikalikuta, nikala, nikalirudisha limeoshwa kwa mkono wa Pancha. "Mzee," akaniambia, "mimi nimekuwa posta?" Nikamwambia abebe akae kimya.

Nilikuwa nakaa kitandani nimekishika kile kimfuko. Nilikivuta kamba kikafungika, nikakivuta kikafunguka. Mke wangu alinificha kwa watu wote, lakini hakuweza kubeba peke yake, akaenda kwa mama yake. Sikumlaumu. Ningemlaumuje? Niliwalaumu waliokuwa wanapaswa kulaumiwa. Mtu angenikalisha chini, akaniambia, mzee, kidonge hiki cha mkojo kinalegeza jicho, kisipotajwa unapofuka, mimi ningekitaja hata sokoni siku ya gulio, juu ya meza ya nyanya, mkwe wangu akiwa muuza nyanya mwenyewe. Hakuna aliyeniambia. Aliyeniuzia hakuniambia. Karani aliuliza kama anauliza nimezaliwa kijiji gani. Pazia moja la kuziba meza, mita mbili za kitambaa, na wakubwa walikuwa na utepe mzima wa kukata.

Hayo nilikuwa nayasema kitandani, na yote yalikuwa kweli. Lakini nilikuwa nimeulizwa mara ya pili, ndani ya chumba chenye mlango, na mtu aliyenieleza kwa nini. Na nikasema situmii. Hapo wakubwa hawakuwepo.

Siku ya kuandikishwa nilitoka mapema nikapita mtaa wa pili. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa viatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Hakuniuliza nilikuwa wapi. Akafunga mlango, akanishika kiwiko.

Korido ilikuwa ile ile, benchi lile lile. Safari hii hakukuwa na mheshimiwa, kwa hiyo mambo yalikwenda upesi. Jenereta lilikuwa linanguruma. Pazia hakuna. Mama mkwe alikuwa akitazama huku na huku, maana siku hizi anatazama kila kitu, na anasoma kila kitu, kidogo kidogo, kama walivyofundishwa kwenye masomo ya watu wazima. Akanyoosha shingo kuelekea ukutani, juu ya kichwa cha karani.

"Kuna karatasi pale," akasema.

"Inasemaje?"

Akasoma polepole, neno na neno. "Mgonjwa. Kabla ya kupasuliwa. Mweleze mhudumu dawa zote unazotumia. Zikiwemo za mkojo." Akakaza macho. "Herufi zenyewe kama sisimizi."

"Imewekwa juzi?"

Alinyoosha shingo tena. "Imekuwa ya njano, baba. Na pembe zimejikunja. Ilikuwepo."

Kwa hiyo walituambia. Waliandika kwa herufi za sisimizi, wakabandika juu ya kichwa cha karani, mahali ambapo kila anayeketi mbele yake amekuja kwa sababu haoni. Nilitaka kucheka. Kilitoka kitu kama kikohozi, na mama mmoja upande wa pili akanipa pole.

Nikaitwa. Binti alikuwa yule yule, mwenye sauti ya mnadani. Nilikaa kwenye kile kiti. Nyuma yangu, hatua mbili, lilikuwepo benchi, na kwenye benchi watu kumi na kitu, na wa kwanza wao ni mkwe wangu.

"Presha?"

"Sina."

"Sukari?"

"Sina."

"Dawa unazotumia kila siku?"

Nilitia mkono mfukoni, nikatoa kile kimfuko, nikakiweka mezani. Ningeweza kunyamaza, akakifungua mwenyewe, akasoma. Lakini jenereta lilikuwa linanguruma, na yule binti alikuwa ameinamisha kichwa kwenye karatasi yake, kalamu tayari, amezoea kuandika neno lile lile.

"Za mkojo," nikasema.

"Sikusikii, mzee."

"Za mkojo. Mwaka wa nne."

Nilikuwa nimeongea kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Mtu akapiga chafya ya kuficha kicheko. Masikio yakaniwaka moto. Karani akafungua kimfuko, akatoa pakiti, akalisoma jina herufi kwa herufi akiandika. Akageuza ukurasa wa faili langu wa zamani.

"Mbona huku kumeandikwa hakuna?"

"Ndiyo. Nilisema hakuna."

Alinyanyua kichwa. Sikuuona uso wake vizuri, jicho la kulia lilikuwa linaukunja na la kushoto linaufunika. Lakini alishusha sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. "Na nani alikuwa anakununulia?"

"Mke wangu. Ni marehemu."

"Pole, mzee. Utaonana na daktari kwanza. Leo hupasuliwi. Atakupangia siku yako, atakuandaa. Kaa pale."

Hakuniahidi kitu, na daktari naye baadaye hakuniahidi. Alisema atajaribu. Alisema la kulia litabaki hivyo hivyo, hilo nilijue. Nimelijua.

Lakini kwanza nilipaswa kuchukua kimfuko changu na kugeuka nirudi benchini. Hatua mbili. Niligeuka, na kwa la kushoto, ndani ya ukungu wake, nilimwona mama mkwe. Alikuwa amejifunika khanga kichwani mpaka masikioni na kuishika kidevuni, uso ameuelekeza ukutani kwenye ile karatasi, kama mtu aliyeketi peke yake mahali pa mbali sana.

Nikakaa.

"Wamekuuliza nini?" akasema, bado anatazama ukuta.

"Mambo ya kawaida tu, Mama."

"Mm."

Akateremsha khanga mabegani. Halafu akanyoosha mkono wazi kando yake, bila kugeuka, kiganja juu. Ilinichukua muda kuelewa anataka nini. Nikampa kile kimfuko. Akavuta kamba, akaona imechakaa pale inapopita tunduni, akaisugua kidogo kwa kidole gumba. Kisha akakifunga kwenye upindo wa khanga yake, fundo moja na la pili, vile vile mwanawe alivyokuwa akivifunga vile vidonge.